Bunge la 42 la Ontario, 2018–2022: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu muhula wa serikali yenye wingi wa viti

Ukurasa huu ni wa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Ontario, Kanada, na wa yeyote anayetaka kuelewa jinsi bunge la jimbo linavyokwenda pale chama kimoja kinapokuwa na viti vya kupitisha karibu lolote kinalotaka. Bunge la 42 linafaa kuchunguzwa kwa sababu muhula wake umekwisha, kesi zake kubwa zimeshaamuliwa na mahakama, na mengi yaliyopitishwa wakati ule yaligusa mshahara, darasa na wodi ya mtu wa kawaida.

Bunge la 42 ni lipi hasa?

Ni lile lililochaguliwa tarehe 7 Juni 2018 na kuvunjwa tarehe 3 Mei 2022. Lilikuwa na wabunge 124, kila mmoja na eneo bunge lake, wakikutana katika jengo la Queen's Park jijini Toronto, lililofunguliwa mwaka 1893. Chama cha Progressive Conservative, ambacho hapa nitakiita PC, kilipata viti 76. NDP (New Democratic Party), waliokuja kuwa upinzani rasmi, walipata 40, Liberal 7, na Green kiti kimoja, cha Mike Schreiner wa Guelph.

Doug Ford aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa jimbo tarehe 29 Juni 2018. Uongozi wa chama alikuwa ameupata tarehe 10 Machi mwaka huohuo, baada ya Patrick Brown kujiuzulu mwezi Januari. Liberal walikuwa wametawala tangu 2003. Kuanguka kutoka serikalini hadi viti 7 ni kishindo ambacho chama hicho hakikuwa kimewahi kukiona Ontario.

Je, PC walipata zaidi ya nusu ya kura?

Hapana, na jambo hili huwashangaza wengi. Walipata takriban asilimia 40.5 ya kura, wakaondoka na asilimia 61 ya viti. Ontario kila eneo bunge hutoa mshindi mmoja tu: anayeongoza hata kwa kura chache anachukua kiti, na kura za waliomfuata hazihesabiwi popote pengine. Liberal walipata karibu asilimia 20 ya kura lakini hata asilimia 6 ya viti hawakufika. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wananchi wa Ontario waliwapa PC ridhaa ya kufanya walichotaka, mkumbushe kwamba wapiga kura 6 kati ya 10 walichagua wengine. Serikali ilikuwa halali kabisa. Hilo halifuti hesabu hiyo.

Wingi wa viti unaipa serikali nguvu gani?

Nusu ya 124 ni 62, hivyo chama kinahitaji viti 63. PC walikuwa na 76. Bajeti haikuwa na hatari ya kuangushwa, kura ya kutokuwa na imani ilikuwa ndoto tu, na hata kwenye kamati wabunge wa serikali ndio waliokuwa wengi, kwa hiyo marekebisho ya upinzani yalipita pale tu serikali ilipoyakubali.

Ontario haina seneti. Msomaji aliyezoea Kenya, ambako miswada inayohusu kaunti hupita pia mikononi mwa maseneta, akumbuke kwamba hapa hakuna chumba cha pili. Isitoshe, mfumo ni wa Westminster: Waziri Mkuu na mawaziri wake ni wabunge na huketi humohumo ndani. Anayetunga sera ndiye anayewahesabu wabunge wa kuipitisha. Luteni Gavana, ambaye wakati ule alikuwa Elizabeth Dowdeswell, humwakilisha mfalme au malkia na kuidhinisha miswada, lakini kwa desturi hakatai.

Mswada unapita hatua gani, na serikali inaweza kuukimbiza kiasi gani?

Husomwa mara ya kwanza kwa ajili ya kuwasilishwa tu. Katika usomaji wa pili hujadiliwa kimsingi. Kisha huenda kwenye kamati, ambako wananchi wanaweza kutoa maoni, halafu hurudi kusomwa mara ya tatu na kupigiwa kura ya mwisho.

Ukimbizaji hufanyika katika usomaji wa pili. Kanuni za Bunge zinaruhusu serikali, mswada ukishajadiliwa kwa muda wa saa 6 na nusu, kuleta hoja ya kuweka kikomo cha mjadala. Hoja hiyo hupigiwa kura, na mwenye viti vingi anashinda. Ndani yake serikali inaweza kupanga kamati ikae siku ngapi, au mswada usipelekwe kwenye kamati kabisa. Bunge la 42 lilitumia njia hii mara nyingi mno. Mimi naona hapa ndipo wananchi walipopoteza zaidi, kuliko kwenye kura zenyewe. Matokeo ya kura yanajulikana tangu siku ya uchaguzi, lakini kamati ndipo mahali pekee ambapo muuguzi au mpangaji anaweza kukaa mezani na kuwaambia wabunge kasoro iko wapi.

Kwa nini watu bado wanaizungumzia Septemba 2018?

Kwa sababu ndipo kila kitu kuhusu nguvu ya wingi wa viti kilipoonekana kwa wakati mmoja.

Majira ya joto ya 2018, kampeni za uchaguzi wa jiji la Toronto zikiwa zimeshaanza, serikali ilileta Mswada wa 5 wa kupunguza wadi za jiji kutoka 47 hadi 25. Wagombea walikuwa wameshajiandikisha na kuanza kubisha hodi mitaani. Mswada ulipita tarehe 14 Agosti. Tarehe 10 Septemba Jaji Edward Belobaba wa Mahakama Kuu ya jimbo aliubatilisha, akisema umeingilia uhuru wa kujieleza wa wagombea na wapiga kura. Saa chache baadaye Ford alitangaza kwamba ataliita Bunge litumie kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki na Uhuru, ambao ni sehemu ya katiba ya Kanada, ili sheria isimame licha ya hukumu.

Tarehe 12 Septemba mswada mpya, wa 31, ulipowasilishwa, wabunge wa NDP walipiga madawati kwa viganja hadi sauti ya Spika ikamezwa. Spika Ted Arnott aliwatoa nje mmoja baada ya mwingine, akiwemo kiongozi wa upinzani Andrea Horwath. Juu kwenye roshani ya wageni watu walipiga kelele; roshani ikaamriwa itolewe watu, na baadhi yao, wazee wakiwemo, wakatoka wakiwa na pingu mikononi. Arnott mwenyewe alikuwa mbunge wa PC tangu 1990 na alichaguliwa Spika na wenzake kwa kura ya siri. Siku ile alikuwa akisimamia kanuni, na kanuni zilikuwa upande wa wenye viti.

Kisha ikaja hesabu ya zile saa 6 na nusu. Ili zitimie haraka, Bunge lilikaa Jumamosi, halafu likaitwa tena saa 6 na dakika 1 usiku kuamkia Jumatatu tarehe 17 Septemba. Watu walipanga foleni nje ya Queen's Park usiku wa manane ili wapate nafasi ya kuingia kusikiliza. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ilisimamisha hukumu ya Belobaba, uchaguzi wa Oktoba ukaendelea kwa wadi 25, na Mswada wa 31 ukaachwa bila kupitishwa.

Kesi yenyewe iliisha tarehe 1 Oktoba 2021, pale Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoipa serikali ya jimbo ushindi kwa majaji 5 dhidi ya 4.

Kifungu cha 33 ni kitu gani?

Kinaruhusu Bunge la taifa au la jimbo kutangaza kwamba sheria fulani itatumika hata kama inakiuka baadhi ya haki zilizomo kwenye Mkataba, yaani kifungu cha 2 na vile vya 7 hadi 15. Tangazo hudumu miaka 5, na linaweza kurudiwa. Haki ya kupiga kura, iliyo katika kifungu cha 3, haiguswi.

Ontario ilikitumia kwa mara ya kwanza kikamilifu Juni 2021. Serikali ilikuwa imeongeza kipindi cha kudhibiti fedha zinazotumika kwa matangazo ya kisiasa ya vyama vya wafanyakazi na makundi mengine kutoka miezi 6 kabla ya uchaguzi hadi 12. Tarehe 8 Juni mahakama ilikataa. Tarehe 14 Juni Bunge lilikuwa limeshapitisha Mswada wa 307 na kurudisha masharti yaleyale chini ya kifungu cha 33. Siku 6 tu.

Lakini Machi 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ukomo huo wa matumizi ulikiuka kifungu cha 3, kile ambacho kifungu cha 33 hakikigusi. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa umeshafanyika chini ya sheria hiyo. Haki iliyocheleweshwa kiasi hicho ina gharama, na waliobeba gharama ni wale walionyimwa sauti katika kampeni ambayo haiwezi kurudiwa.

Mbunge wa chama tawala angeweza kupinga?

Angeweza, na akaondoka. Amanda Simard, mbunge wa eneo la mashariki lenye wasemaji wengi wa Kifaransa, alikiacha chama Novemba 2018 serikali ilipofuta ofisi huru ya Kamishna wa Huduma za Kifaransa na kusitisha mpango wa chuo kikuu cha Kifaransa mjini Toronto. Suala hilo liliwagusa pia ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko Ottawa na Toronto, ambao watoto wao wanasoma kwa Kifaransa. Chuo hicho hatimaye kilifunguliwa 2021 baada ya serikali ya taifa kuchangia fedha.

Julai 2020 Belinda Karahalios alipiga kura dhidi ya Mswada wa 195, uliowawezesha mawaziri kurefusha amri za Covid bila kurudi Bungeni kila mara. Alifukuzwa kwenye kundi la wabunge wa chama siku hiyohiyo. Roman Baber alifukuzwa Januari 2021 kwa barua ya kupinga watu kufungiwa ndani, na Rick Nicholls Agosti 2021 kwa kukataa chanjo. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga vikali. Mimi mwenyewe kuhusu chanjo nawapinga. Lakini anayetaka kujua kwa nini wabunge 70 na zaidi hupiga kura kama mtu mmoja, jibu liko hapo. Kiranja wa chama, yule anayehakikisha wabunge wanapiga kura pamoja, hahitaji kupaza sauti. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyerudi Queen's Park baada ya uchaguzi wa 2022.

Upinzani ulikuwa na kazi gani, kama kila kura walishindwa?

Kazi ya kuuliza hadharani na kuiweka kwenye kumbukumbu. Kila siku ya kikao kuna kipindi cha maswali cha saa nzima, kuanzia saa 4 na nusu asubuhi, na Waziri Mkuu akiwemo ndani ataulizwa mbele ya kamera, ingawa anaweza kumwachia waziri wake ajibu.

Liberal hata hilo waliliona kwa taabu. Kutambuliwa kuwa chama rasmi Bungeni, pamoja na fedha na zamu za maswali zinazoambatana na hadhi hiyo, kulihitaji viti 8. Walikuwa na 7. Vuli ya 2018 serikali ikapandisha kiwango hadi asilimia 10 ya viti vyote.

NDP nao waliunda kundi la kwanza la wabunge Weusi katika historia ya Bunge hilo. Faisal Hassan, mzaliwa wa Somalia, alikuwa mmoja wao. Na mara mojamoja mswada wa mbunge wa upinzani ulipita: Bhutila Karpoche, mwenye asili ya Tibet, alipata sheria ya mwaka 2020 inayoufanya Julai kuwa mwezi wa urithi wa Watibet. Miswada ya namna hii hupita kwa sababu haigusi fedha wala sera kubwa.

Kwa hiyo serikali ilifanya ilichotaka kwa miaka minne?

Bungeni, ndiyo. Nje ya Bunge, hapana. Wingi wa viti uliamua nini kipite. Kama kitadumu, hilo liliamuliwa na wengine.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza kupandisha wastani wa wanafunzi katika madarasa ya sekondari kutoka 22 hadi 28. Wanafunzi walitoka madarasani mwezi Aprili, na Februari 2020 vyama vyote vinne vya walimu viligoma siku moja. Mwisho wake ukawa 23. Mei 2019 serikali iliahirisha makato ya papo hapo ya fedha za afya ya jamii baada ya mameya kupiga kelele, wakiwemo waliokuwa na urafiki na chama tawala.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Aprili 2021. Ijumaa tarehe 16 serikali iliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha mtu yeyote na kumuuliza kwa nini yuko nje, na ikafunga viwanja vya watoto vya kuchezea. Kwa mtu Mweusi Toronto, hilo lilikuwa tishio linalojulikana. Idara nyingi za polisi zilisema waziwazi kwamba hazitawasimamisha watu ovyo. Kesho yake serikali ilirudi nyuma kuhusu mambo yote mawili, na siku chache baadaye Ford aliomba radhi.

Kima cha chini cha mshahara kilikwenda vipi?

Sheria ya Liberal ilikuwa imepanga dola 15 kwa saa kuanzia tarehe 1 Januari 2019. Serikali mpya iliifuta kwa Mswada wa 47, ikasimamisha mshahara kwenye dola 14 hadi Oktoba 2020, na kuondoa siku mbili za ruhusa yenye malipo. Baadaye ikawa 14.25, kisha 14.35, na dola 15 zikafika tarehe 1 Januari 2022, mwaka wa uchaguzi. Miaka mitatu kamili. Kwa anayefanya saa 40 kwa wiki, dola moja kwa saa ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kabla ya kodi.

Siku za ugonjwa zenye malipo zilirudi Aprili 2021, siku 3, kwa ajili ya Covid pekee. Zilirudi zaidi ya mwaka mmoja tangu ugonjwa uanze kupita viwandani na katika maghala ya Brampton na Mississauga, ambako watu walikuwa wakienda kazini na homa kwa sababu kodi ya nyumba haingoji.

Na Sheria ya 124 ambayo wauguzi waliilalamikia?

Ilipitishwa Novemba 2019. Iliweka ukomo wa nyongeza ya asilimia 1 kwa mwaka, kwa miaka 3, kwa wafanyakazi wengi wa sekta ya umma: wauguzi, walimu na wengineo. Miezi michache baadaye ikaja Covid, na waliopigiwa makofi kila jioni ndio waliokuwa wamefungiwa mshahara wao.

Tarehe 29 Novemba 2022 mahakama iliitangaza kuwa batili kwa kukiuka haki ya kujadiliana kwa pamoja. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa tarehe 12 Februari 2024, na mwezi huohuo sheria ikafutwa. Malipo ya fidia yalifikia mabilioni ya dola. Wauguzi wengi walikuwa wameshaacha kazi.

Nyumba za wazee, je?

Takriban wakazi 4,000 wa nyumba za wazee walikufa kwa Covid Ontario hadi kufikia masika ya 2021. Tume huru iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti tarehe 30 Aprili 2021 na kueleza kwamba sekta hiyo ilikuwa imepuuzwa kwa miaka mingi, chini ya serikali zaidi ya moja, na kwamba jimbo halikuwa limejiandaa. Wengi wanaowahudumia wazee hao ni wanawake wahamiaji kutoka Afrika, Karibea na Ufilipino. Sheria mpya ya mwaka 2021 iliweka lengo la wastani wa saa 4 za huduma kwa kila mkazi kwa siku ifikapo 2025.

Kwa nini kikao kilifungwa Septemba 2021 ilhali muhula ulikuwa haujaisha?

Serikali iliomba kikao kifungwe tarehe 12 Septemba 2021, na kipya kikafunguliwa tarehe 4 Oktoba kwa hotuba ya Luteni Gavana. Kufunga kikao si kuvunja Bunge: wabunge wanabaki wabunge, ila miswada isiyokamilika hufa isipohamishwa kwa hoja maalumu. Uchaguzi wa taifa ulikuwa tarehe 20 Septemba, kwa hiyo Bunge la jimbo halikukaa hadi uchaguzi huo ulipopita.

Muhula ni wa miaka mingapi?

Katiba inasema usizidi 5. Sheria ya jimbo wakati ule ilipanga uchaguzi kila baada ya miaka 4, mwezi Juni; mpango huo ulifutwa mwaka 2025. Lakini hata wakati ule tarehe hiyo haikumfunga Luteni Gavana, naye kwa kawaida hufuata ushauri wa Waziri Mkuu. Ndiyo maana Bunge lililofuata, la 43, lilivunjwa Januari 2025, zaidi ya mwaka kabla ya wakati wake.

Uchaguzi wa 2022 uliamua nini?

PC waliongeza viti hadi 83 kwa asilimia ya kura ileile, karibu 41. NDP walishuka hadi 31 na Horwath akajiuzulu usiku uleule. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 44 tu, idadi ya chini kuliko zote katika uchaguzi wa jimbo hilo. Bajeti iliyokuwa imesomwa tarehe 28 Aprili bila kupitishwa ilirudishwa Agosti na wingi mkubwa zaidi.

Mimi si raia bado. Bunge la jimbo linanihusu?

Linakuhusu sana. Kura ni ya raia wa Kanada mkazi wa Ontario mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Lakini kadi ya afya, leseni ya udereva, shule za watoto, kodi ya nyumba, kima cha chini cha mshahara na fidia ya kuumia kazini vyote viko chini ya jimbo. Ofisi ya mbunge wako katika eneo bunge hushughulikia matatizo ya aina hiyo bila malipo, na hawana sababu ya kukuuliza ulimpigia nani. Masuala ya visa na uraia mpelekee mbunge wa taifa. Ukimpelekea wa jimbo utapoteza wiki.

Mkazi yeyote anaweza kutia saini ombi linalosomwa Bungeni, na yeyote anaweza kuandikia kamati inayopokea maoni kuhusu mswada. Tangazo la kamati hutoka kwenye tovuti ya Bunge likiwa na tarehe ya mwisho, na wakati mwingine siku ni chache, kwa hiyo chama cha jamii kinachotaka kusikika kimteue mtu wa kulifuatilia kila wiki. Kumbukumbu za mijadala, neno kwa neno, nazo ziko huko bure, kwa jina la kila mbunge na jinsi alivyopiga kura pale kura zilipoitwa kwa majina.